Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu J. Allen Hynek, mtafiti wa UFO

Kila video ya taa za ajabu angani inaposambaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaoapa kwamba ni wageni kutoka sayari nyingine, na wapo wanaowacheka. Katikati ya kambi hizo kuna kazi ya kutafiti UFO, yaani vitu vinavyoonekana angani bila kutambulika ni nini, kazi inayohitaji subira, na mtu aliyeifanya kwa miaka karibu 40, mbele ya macho ya wanasayansi wenzake na waandishi wa habari, ni J. Allen Hynek. Maswali yafuatayo hurudi kila jina lake linapotajwa.

Hynek alikuwa nani?

Mwanaastronomia wa Kimarekani, mtoto wa wazazi wenye asili ya Czech, aliyezaliwa Chicago tarehe 1 Mei 1910. Alipata shahada ya udaktari University of Chicago mwaka 1935, akiwa kwenye kituo cha darubini cha Yerkes kule Wisconsin, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha Ohio State University. Utaalamu wake ulikuwa nyota zenyewe: namna zinavyokua na kuzeeka, na zile nyota pacha ambazo kwa macho huonekana moja, lakini mwanga wake ukichanganuliwa hujulikana kuwa ni mbili zinazozungukana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa Johns Hopkins, kwenye maabara iliyotengeneza kiwashio kinacholipua kombora linapokaribia shabaha hata kabla ya kuigusa.

Historia hiyo ina uzito, kwa sababu Hynek hakuingia kwenye suala la UFO kama shabiki. Aliingia kama mtaalamu aliyeitwa kutoa maelezo, na mwanzoni aliona jambo zima ni upuuzi wa msimu utakaopita wenyewe.

Aliingiaje kwenye kazi hiyo?

Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold, akiwa kwenye ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, alisema ameona vitu tisa vikipita kwa kasi kubwa mno. Magazeti yakaviita visahani vinavyoruka, na taarifa nyingine zikamiminika kutoka kila pembe ya Marekani. Vita baridi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Jeshi la Anga lilitaka kujua kama Wasovieti wana silaha mpya, likaanzisha mradi ulioitwa Sign kwenye kambi iliyoko Dayton, Ohio.

Maofisa waligundua haraka kwamba watu wengi walikuwa wanaripoti nyota na vimondo. Walihitaji mtu wa kuwachujia, na Hynek alikuwa jirani yao, jijini Columbus. Mwaka 1948 akakubali. Katika kesi 237 alizopitia mwanzoni, karibu theluthi moja zilikuwa vitu vya kawaida vya angani: Zuhura iking'aa karibu na upeo, Mshtarii, vimondo vikubwa. Nyingine kama theluthi zilikuwa maputo, ndege na mambo mengine yanayoeleweka. Zilibaki baadhi zisizo na taarifa za kutosha, na takriban moja ya tano ambazo taarifa zilikuwepo lakini maelezo hayakupatikana. Hiyo moja ya tano ndiyo iliyomnyima usingizi miaka iliyofuata.

Mtafiti wa UFO anafanya nini hasa siku hadi siku?

Wengi hudhani anakesha nje na darubini akisubiri chombo kishuke. Ukweli ni kwamba kazi kubwa ni kuzungumza na watu. Tukio limeshapita na kitu hakipo. Kilichobaki ni shahidi na kumbukumbu yake.

Hynek alimtaka shahidi asimulie mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa, halafu ndipo aanze kuuliza. Saa ngapi? Ulikuwa umesimama wapi, ukitazama upande gani? Kilikuwa juu kiasi gani kutoka upeo wa macho? Kilipita mbele ya mti au nyuma yake? Akisikia mtu anasema kitu kilikuwa na urefu wa mita 50 na kilikuwa umbali wa kilomita mbili, alijua hapo kuna tatizo. Usiku, bila kitu cha kulinganisha, jicho la binadamu haliwezi kupima ukubwa wala umbali. Linaweza kupima pembe tu.

Kuna jambo moja alilolitambua ambalo nalipenda kuliko yote. Mashahidi makini hawaanzi na maajabu. Huanza na la kawaida, kisha ukweli wa macho yao ukawasukuma: nilidhani ni ndege, lakini haikuwa na sauti, nikasema labda ni helikopta, lakini ikasimama palepale, nikafikiri ni taa ya mnara, lakini ikageuka na kuja upande wangu. Mtu anayepanda ngazi hizo moja moja alimpa uzito. Anayesema tangu sekunde ya kwanza kwamba aliona chombo cha wageni, alimtilia shaka.

Kila kesi aliipima kwa mambo mawili yaliyotenganishwa: ugeni wa tukio lenyewe, na uwezekano kwamba lilitokea kama lilivyosimuliwa. Taa ndogo inayotembea angani, hata ikionwa na majaji watano, bado ina ugeni mdogo. Kisa cha kustaajabisha chenye shahidi mmoja aliyekuwa amelewa kina ugeni mkubwa na uzito kidogo. Alichokitafuta ni vyote viwili kwa pamoja, na vilikutana kwa nadra.

Kuna kisa cha Afrika Mashariki kinachoweza kupimwa hivyo?

Kipo, na ni cha zamani. Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951, ndege ya East African Airways aina ya Lodestar ilikuwa inatoka Nairobi kwenda Mombasa, chini ya Kapteni Jack Bicknell. Mnamo saa moja na dakika 20 asubuhi ofisa wa redio aliona kitu cheupe kinachong'aa kimetulia juu ya Mlima Kilimanjaro. Rubani na abiria wakakitazama kwa dakika kadhaa, wengine kwa darubini ya mkononi, mpaka kikapanda na kuelekea pwani. Magazeti ya Nairobi yaliandika.

Ukikipitisha kwenye maswali ya Hynek, kina nguvu: mchana, anga safi, marubani wazoefu, mashahidi zaidi ya mmoja, na muda wa kutosha wa kutazama. Udhaifu wake pia unajitokeza mara moja. Urefu wa kitu na kasi yake vilivyotajwa vinategemea dhana kwamba kilikuwa juu ya mlima hasa. Kama kilikuwa karibu zaidi au mbali zaidi, hesabu zote zinabadilika. Ningependa sana kuona Watanzania na Wakenya wenye ari wakichimba upya kisa hiki kwenye nyaraka za usafiri wa anga na hali ya hewa za wakati ule.

Project Blue Book ilikuwa nini?

Sign ilifuatwa na Grudge mwaka 1949, kisha Blue Book mwaka 1952, na Hynek alikuwa mshauri wa sayansi wa yote. Hadi inafungwa tarehe 17 Desemba 1969, Blue Book ilikuwa imeorodhesha ripoti 12,618, na 701 kati yake zilibaki bila kutambuliwa.

Namba hizo hutumiwa vibaya na pande zote. Wanaoamini husema 701 ni ushahidi wa wageni; siyo, kwa sababu kutojua kitu ni nini hakukuambii ni nini. Wanaokanusha husema asilimia zaidi ya 94 zilielezwa. Hapo nako Hynek mwenyewe aliteta. Ofisi ilikuwa ya ofisa wachache na karani, na mara nyingi neno "huenda" kwenye jalada lilitoweka njiani: "huenda ni puto" leo, kesho kwenye takwimu ikawa puto.

Kisa cha gesi ya kinamasi kilikuwaje?

Hiki ndicho kilichombadilisha maisha.

Machi 1966, jimboni Michigan, familia moja karibu na mji wa Dexter iliripoti taa juu ya eneo la majimaji. Usiku uliofuata wasichana zaidi ya 80 wa chuo cha Hillsdale walisema wametazama taa zikichezacheza karibu na bweni lao kwa saa kadhaa. Waandishi walifurika, na Jeshi la Anga likamtuma Hynek. Alikuta vurugu: polisi wanafukuzana na nyota, kila mwenye gari anawinda visahani. Siku chache baadaye, tarehe 25 Machi, alisimamishwa mbele ya umati wa waandishi Detroit. Alieleza kwamba matukio hayo mawili, na hayo tu, yangeweza kuwa gesi inayotokana na mimea iliyooza kwenye kinamasi, ambayo wakati mwingine huwaka na kutoa mwanga hafifu unaorukaruka.

Waandishi wengi hawakungoja sentensi iishe. Kesho yake nchi nzima ilisoma kwamba profesa wa serikali amesema UFO ni gesi ya kinamasi. Wachora katuni wakapata chakula. Watu wa Michigan walihisi wametukanwa, na mbunge wao Gerald Ford, ambaye baadaye angekuwa rais, akataka Bunge lisikilize suala hilo. Aprili 5 Hynek alitoa maelezo mbele ya kamati ya ulinzi ya Bunge, na akasema wazi kwamba jambo linastahili uchunguzi wa kisayansi wa kweli. Kabla ya mwaka kwisha aliandika barua kwenye jarida la Science akisisitiza hivyohivyo.

Maelezo yake ya kisayansi hayakuwa ya kijinga. Kosa lilikuwa kutoa jibu la haraka, chini ya shinikizo, kwa watu waliohitaji kwanza kusikilizwa.

Kwa nini alinyamaza muda mrefu hivyo?

Swali hili alitupiwa usoni mwaka huohuo wa 1966 na James McDonald, mwanafizikia wa anga wa University of Arizona. McDonald alifika kwenye ofisi za Blue Book, akasoma majalada, na akamkabili Hynek kwa hasira: vipi umekalia mambo haya miaka yote bila kuwaambia wanasayansi wenzako?

Hynek alijitetea kwamba angepiga kelele mapema angefukuzwa, na majalada yangefungwa mbele yake. Alibaki ili aendelee kuyasoma. Utetezi huo una ukweli wake. Mwaka 1953 alishakaa kwenye jopo la wataalamu lililoitishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, chini ya mwanafizikia Howard Robertson, akaona mapendekezo yakielemea kuupunguza msisimko wa umma badala ya kuchunguza. Alijua upepo unavuma wapi. Hata hivyo naona McDonald alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Miaka kati ya 1953 na 1966 ilipotea, na vijana wa sayansi ambao wangeweza kuvutiwa na suala hili walijifunza kuliogopa. Uungwana wa Hynek ni kwamba alipobadilisha msimamo alifanya hivyo hadharani, jina lake likiwa chini ya maneno yake.

Kukutana kwa karibu kwa aina ya tatu ni nini?

Ni daraja kwenye mpangilio wake wa mwaka 1972, aliouweka kwenye kitabu chake cha kwanza kuhusu UFO. Vilivyoonwa kwa mbali aliviweka makundi matatu: taa za usiku, visahani vya mchana, na vile vilivyoonwa kwa macho na rada kwa wakati mmoja. Vya karibu, yaani chini ya kama mita 150, navyo ni vitatu. Aina ya kwanza mtu anaona tu. Ya pili kunabaki alama: nyasi zilizoungua, gari linazimika, mifugo inataharuki. Ya tatu wanaonekana viumbe.

Aina ya tatu ilimpa shida, na angefurahi kuiacha kando. Aliona tu kwamba si haki kutupa ripoti kwa sababu zinakera. Kisa alichokipa uzito ni cha Boianai, Papua New Guinea, mwezi Juni 1959, ambapo mmisionari wa Kianglikana William Gill na waumini zaidi ya 30 walisema waliona chombo chenye watu juu yake, na walipopunga mkono wakapungiwa. Mwanaastronomia Donald Menzel alisema ilikuwa Zuhura. Hynek hakukubali.

Kutekwa na kupelekwa kwenye chombo, kunakoitwa siku hizi aina ya nne, hakumo kwenye mpangilio wake. Kuliongezwa na wengine.

Aliamini kuna wageni kutoka anga za mbali?

Aliamini kuna jambo lisiloelezwa. Zaidi ya hapo alisita. Kama mwanaastronomia alijua nyota iliyo karibu zaidi na Jua iko umbali wa zaidi ya miaka minne ya mwanga, na ripoti zilikuwa nyingi mno kuwa za wasafiri wa safari ndefu kiasi hicho. Miaka ya mwisho alizidi kuachana na wazo la vyombo vya chuma kutoka sayari nyingine, akafikiria uwezekano mwingine, pamoja na rafiki yake Jacques Vallée, Mfaransa aliyefanya naye kazi tangu miaka ya 1960. Wengine wanaona hapo alipotea. Mimi naona alikuwa anakiri kwamba data hazitoshi kuchagua.

Alikula wapi? UFO zilimlipa?

Mshahara wake ulitoka kwenye ualimu. Mwaka 1956 alijiunga na kituo cha astronomia cha Smithsonian kule Massachusetts kusimamia ufuatiliaji wa satelaiti, kwa kamera 12 kubwa zilizotawanywa duniani na vikundi vya raia wa kujitolea. Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Wasovieti, iliporuka Oktoba 1957, ni yeye na Fred Whipple, mkuu wa kituo hicho, waliowatuliza Wamarekani kwa kueleza kinachopita juu ya vichwa vyao. Kuanzia 1960 aliongoza idara ya astronomia Northwestern University, karibu na Chicago, hadi alipostaafu 1978. Kituo chake cha utafiti wa UFO, CUFOS, alichokianzisha 1973, kiliishi kwa michango na watu wa kujitolea.

Ni kweli yumo kwenye filamu ya Spielberg?

Ndiyo. Filamu hiyo ya 1977, Close Encounters of the Third Kind, ilichukua jina kutoka kwenye daraja lake la tatu, alikuwa mshauri, na anaonekana kwa sekunde chache karibu na mwisho: mzee mwenye ndevu na kiko.

Baada yake, Afrika ilipata mtafiti wa aina hiyo?

Hynek alifariki tarehe 27 Aprili 1986 huko Scottsdale, Arizona, kwa uvimbe wa ubongo. Nyota-mkia ya Halley, iliyokuwa angani mwaka aliozaliwa, ilikuwa imerudi mwaka huo.

Kwa bara letu jina la kukumbukwa ni Cynthia Hind wa Zimbabwe. Tarehe 16 Septemba 1994, wakati wa mapumziko ya asubuhi katika shule ya Ariel pale Ruwa, nje ya Harare, watoto zaidi ya 60 walisema waliona chombo na viumbe nje ya uwanja wa shule. Hind alifika siku chache baadaye akakuta watoto wameshachora, na baadaye John Mack, daktari wa akili wa Harvard, akaja kuwahoji. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalikuwa yamewaka angani na kuonekana sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, na redio zilikuwa zinazungumzia UFO. Je, hiyo inaeleza waliyoyaona watoto? Roketi ile haikutua Ruwa saa nne asubuhi. Lakini inaeleza kwa nini vichwa vilikuwa tayari vimejaa habari hizo, na kwa nini ingefaa kila mtoto ahojiwe peke yake siku ileile. Baadhi yao, sasa watu wazima, bado wanashikilia walichosema, na wanastahili heshima.

Kuna anayefanya kazi hii leo?

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi maalumu tangu 2022, na NASA ilitoa ripoti ya jopo lake Septemba 2023, ikilalamikia jambo ambalo Hynek alilalamikia: data mbovu. CUFOS ingalipo, na majalada ya Blue Book yako wazi kwa umma. Kwetu kazi imekuwa ngumu na rahisi kwa pamoja, kwa sababu anga imejaa. Satelaiti za intaneti za Starlink zikiwa ndiyo kwanza zimerushwa hupita kwa mstari kama shanga. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua kama mabaki ya chombo cha angani.

Nimeona kitu nisichokielewa. Nifanye nini?

Tazama saa kwanza, na uandike dakika, si "jioni hivi". Simama palepale. Nyoosha mkono na ukunje ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10, basi hesabu kitu kiko ngumi ngapi juu ya upeo na kimesogea ngumi ngapi. Ukipiga picha, hakikisha paa, mti au nguzo vimo ndani, vinginevyo nukta nyeupe kwenye weusi haitamsaidia mtu. Kisha fungua programu ya ramani ya nyota uangalie Zuhura na Mshtarii viko wapi, na nyingine ya kufuatilia ndege na satelaiti. Kama bado hujapata jibu, chora ulichoona usiku huohuo kabla hujalala. Waliokuwa nawe nao wachore, kila mmoja kwenye karatasi yake na pembeni, kabla hamjaanza kusimuliana.